Nafasi ya Tatu ya Padi

Kila anayeajiriwa katika studio yetu ya Suna, hapa Migori, huuliza swali lilelile kabla wiki ya kwanza haijaisha: kwa nini kitufe cha nafasi ya tatu kwenye padi ya muziki kimebandikwa plasta ya kidonda? Miaka yote nimekuwa nikijibu, "Kwa sababu kinauma," kisha naendelea na kazi. Sasa nimestaafu. Mmenikatia keki, mmenisomea hotuba iliyonisifu kwa mambo ambayo sikuyafanya, na mmeniomba niandike namna ya kuweka mlingano wa sauti kwenye padi kabla sijasahau. Nitaandika. Lakini siwezi kuwaeleza hilo bila kueleza plasta, na ili nieleze plasta itabidi nianzie mbali kidogo.

Nilianza kazi Isebania, katika kibanda cha kutengeneza redio kilichotazamana na foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Sirare. Fundi wangu aliitwa Chacha, Mkuria mrefu wa maneno machache, aliyetengeneza redio siku zote na vinanda vya makanisa pale alipoitwa. Mimi nilikuwa msichana wa Kijaluo kutoka Kanyada, upande wa Homa Bay, mwenye cheti cha umeme ambacho nilikiheshimu kuliko alivyokiheshimu yeye. Siku ya kwanza alinipa bisibisi na redio iliyokuwa ikinguruma. Nikaanza kulegeza skrubu. Akaninyang'anya bisibisi.

"Hiyo redio imekuambia nini?" akauliza.

"Bado sijaifungua, Fundi."

"Mimi sikuuliza kama umefungua. Inalia namna gani?"

"Inanguruma."

"Hata ng'ombe inanguruma. Kaa hapo, sikiza."

Nikakaa nikisikiliza ngurumo mpaka saa ya chakula. Nilijiambia kwamba kama hii ndiyo kazi, afadhali ningebaki nyumbani nikapalilia mtama. Lakini kufikia jioni nilikuwa nimetambua kwamba ngurumo zilikuwa mbili, moja nzito isiyobadilika na nyingine iliyotetemeka kila lori lilipopita. Ya kwanza ilikuwa kapasita iliyokauka, ya pili ilikuwa spika iliyolegea. Chacha hakunisifu. Alinirudishia bisibisi, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Yeye ndiye aliyenipa uma wa sauti ninaoutumia hadi leo. Ni kijichuma chenye meno mawili. Ukikigonga gotini na kukisogeza sikioni kinatoa sauti moja tu, leo na kesho. Kwa uma huo tulilinganisha vinanda vya Wakatoliki na vya Waadventista bila ubaguzi. Mjomba wake Chacha alipiga iritungu, ala ya Kikuria yenye nyuzi nane, na siku moja nilimwuliza kwa nini hatumii uma kumlinganishia mjomba nyuzi zake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hampigii mbuzi pasi.

"Kinanda ya kanisa unatengeneza ifanane na ingine," alisema. "Iritungu unatengeneza ifanane na mwenyewe. Hizo ni kazi mbili. Usichanganye."

Niliitikia. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile, na ilinichukua karibu umri wangu wote wa kazi kuyafuata yalikokwenda.

Nilipohamia Migori mjini, studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Wateja wetu wengi walikuwa kwaya. Jumamosi hatukuwa na kazi kwa sababu nusu ya waimbaji walikuwa kanisani, na Jumapili hatukuwa na kazi kwa sababu ya nusu ya pili. Siku zilizobaki zilitutosha. Kompyuta ilipokuja, ilikuja na programu ya kuvuta sauti iliyopotea na kuirudisha kwenye mstari. Unaona sauti imechorwa kwenye kioo, iliyo sawa ina rangi ya kijani, iliyopotoka ni nyekundu, na chini kuna kitufe kimeandikwa Rekebisha. Nimewaokoa waimbaji wa soprano wengi kwa kitufe hicho. Wapo wanaotembea mjini kwa fahari mpaka leo, nami nimeapa kutowataja.

Wakati huo ndipo alipokuja Mzee Odongo kutoka Mbita, mpiga nyatiti. Kwa wasioijua, nyatiti ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane zilizokazwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi chini karibu na ardhi, mikono yote miwili kwenye nyuzi, na kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma inayogonga ubavu wa ala. Mwanamume ndiye anayeipiga. Mwanamke kwa desturi haigusi, na mimi, pamoja na uma wangu na kompyuta yangu, sikuwahi kuigusa. Nilikuwa nikimwomba mwenyewe avute uzi nami nasikiliza. Mzee Odongo alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani kwa sababu, alisema, viti vya Migori vimekaa kiharakaharaka. Alipiga nyimbo sita bila kurudia hata moja.

Mwenye studio alitaka nyimbo hizo zichanganywe na gita na kinanda. Nilipoziweka pamoja, nyatiti na kinanda viligombana kama wake wenza.

"Madam, hiyo nyatiti iko off," mwenye studio aliniambia. "Si uinyooshe tu na computer?"

Nikainyoosha. Siku mbili nzima nilikaa nikibonyeza Rekebisha, uzi baada ya uzi, mpaka kioo chote kikawa kijani kama shamba la miwa. Nilijivunia sana. Mzee Odongo alikuja kusikiliza, akaketi kwenye kigoda chake, akainamisha kichwa mpaka mwisho. Tulizungumza Kijaluo, lakini nayaandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu mlio Wakuria.

"Anayepiga ni nani?" akaniuliza.

"Ni wewe, Mzee."

"Nyatiti yangu huniita, kisha mimi naitikia. Huyu hajaniita." Akachukua kigoda chake. "Kaa salama, nyar Kanyada."

Nyar Kanyada maana yake ni binti wa Kanyada, na mtu akikuita hivyo kwa upole huku anaondoka, ujue amekasirika. Nilimwambia mwenye studio kwamba wazee ni wagumu. Hiyo ndiyo aibu yangu na naiandika waziwazi: mtu aliniletea sauti yake, nikamrudishia ya mtu mwingine, kisha nikamwona yeye ndiye mwenye makosa. Rekodi ya awali, ile ambayo haikunyooshwa, niliiweka. Msidhani ni busara. Situpi kitu, waulizeni wanangu kuhusu makopo yaliyojaa stoo.

Padi ilifika miaka mingi baadaye. Mnaijua: kisanduku bapa chenye vitufe vya mpira sitini na vinne, vinane kwa vinane, vinavyowaka taa. Vijana waliipenda kwa midundo yao. Mimi niliipenda kwa jambo ambalo wao hawakulijali, kwamba kila kitufe unaweza kukipa sauti yoyote unayotaka na kukipandisha au kukishusha kidogokidogo. Kati ya sauti moja ya kinanda na inayofuata, padi hugawa nafasi hiyo katika senti mia. Msizichanganye na zile za mfukoni. Hizi angalau haziibiwi. Mlingano ukikamilika unauhifadhi katika mojawapo ya nafasi nane za pembeni. Kiwandani waliijaza nafasi ya kwanza kwa mlingano wa kinanda, nasi kwa muda mrefu tuliridhika nao.

Kisha akaja Awuor, bintiye Mzee Odongo, fundi cherehani wa Mbita anayekuja Migori kununua vitambaa. Aliketi na mfuko wake mapajani akanieleza bila kuzunguka. Baba yake alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Alipokuwa amelazwa, mama yake Awuor naye akafa ghafla, akazikwa mume akiwa kitandani hospitalini.

"Baba amepiga nyatiti kwenye mazishi ya nusu ya Mbita," Awuor alisema. "Watu asiowajua, amewasindikiza. Mke wake ndiye aliyekwenda bila wimbo. Sasa rapar imekaribia na anasema hatatoka nyumbani siku hiyo."

Rapar ni siku ambayo jamaa hukutana kumkumbuka marehemu, baada ya mazishi kupita.

"Nyatiti ameigeuza ikatazama ukuta," akaendelea. "Mama, ile kitu ya taa ambayo vijana wanabonyeza kwa kidole, inaweza kulia nyatiti? Mkono mmoja anao."

"Inaweza kulia chochote," nikamjibu, kwa sauti ya mtaalamu.

Nilifanya kazi wiki nzima. Nilitoa ile rekodi ya zamani nikatenga kila uzi peke yake. Hapa chukueni kalamu. Usipime sauti ya uzi pale unapovutwa, kwa maana hapo huruka juu kidogo. Ngoja itulie, pima katikati. Pima mara kumi, uchague ile inayojirudia. Kisha andika daftarini tofauti ya kila uzi na sauti ya kinanda iliyo karibu, juu senti ngapi au chini senti ngapi, ndipo uziingize kwenye padi. Nilizipanga nyuzi zote nane katika mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, nikahifadhi nafasi ya tatu. Nilibonyeza kitufe cha kwanza. Ilikuwa nyatiti ya Odongo, ileile niliyoiharibu.

Tulikwenda Mbita. Mzee alikuwa amepungua, ameketi kwenye kiti cha plastiki badala ya kigoda, mkono wa kushoto umelala mapajani. Sauti ilimtoka nzito na fupi. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu njiani, na yote yakapotea.

"Ulininyoosha," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Nilikosea. Nisamehe."

"Kunywa chai."

Nikanywa. Kisha nikaweka padi juu ya meza, nikaunganisha spika, nikamwonyesha. Alibonyeza uzi wa kwanza, wa pili, nami nikaona macho yake yamelowa. Nilidhani kazi imekwisha. Akaanza utangulizi wa wimbo, akafungua kinywa aimbe, na sauti ikakwama pale pa kwanza pa kupanda. Akajaribu tena, ikakwama. Akaisukuma padi kwa upande wa kiganja ikafika ukingoni mwa meza.

"Hii ni ya yule Odongo aliyekuwa na koo," alisema. "Iondoeni."

Awuor alitoka nje. Mimi nilifanya kile ambacho mtaalamu hufanya akiumbuka, nikabonyeza vitu vingi kwa haraka. Kama sauti yake imeshuka, nikawaza, basi nishushe nyuzi zote nane kwa kiasi kilekile. Nikazishusha, nikamwomba ajaribu kwa mara ya mwisho. Alijaribu kwa heshima tu. Kwenye uzi wa tano akatikisa kichwa.

"Huyo amekuja na wenzake," alisema, "lakini haongei na mimi."

Nilikaa nikiitazama kompyuta. Kila kitu kilikuwa sahihi. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, na mtu aliye mbele yangu alikuwa ananiambia hapana kwa mara ya pili maishani, na rapar ilikuwa imebaki siku chache. Ndipo nikamsikia Chacha, Mungu amrehemu, akiniuliza redio imeniambia nini. Nilikuwa nimepima rekodi na nikapima ala. Mwenyewe sikuwa nimemsikiliza hata kidogo. Nikaifunga kompyuta ili nisiione ile nyekundu na kijani, nikatoa uma wangu mkobani.

"Mzee, achana na padi. Niimbie uzi wa kwanza, vile ungependa ukuite leo."

Kisha akavumisha, mdomo umefungwa. Nikagonga uma gotini, nikapima kwa sikio umbali wa sauti yake na ule uma, nikaifungua kompyuta kwa pembeni tu, nikaingiza. Akabonyeza. Akasema, "Chini kidogo." Nikashusha senti tano. "Acha hapo." Tukaenda kwa wa pili. Alasiri yote ikapita hivyo, chai ikaletwa mara tatu. Uzi wa tano ndio uliotuchosha. Kila nilipoupeleka karibu na sauti ya kinanda, alikataa. Mwisho ulitulia katikati kabisa, kati ya sauti mbili, mahali ambapo hakuna kinanda chochote kinachofika. Kompyuta iliupaka nyekundu kama damu. Mzee akaubonyeza, akaimba mstari mmoja, sauti ikapanda mpaka pale pa kukwama na ikapita. Alirudia mstari uleule, ikapita tena, nami nikauhifadhi mlingano huo juu ya ule wa zamani, nafasi ileile ya tatu.

Bado mkono ulikuwa na shida. Ule mstari wangu wa vitufe vinane ulikuwa mrefu mno kwa kiganja kimoja. Nilimwomba aweke mkono wake wa kulia juu ya padi kama anavyojisikia, na popote kidole kilipoangukia nikawasha taa. Likapatikana umbo la ajabu, limepinda kama jembe lililochakaa, lakini vidole vilikuwa nyumbani. Vidole vitano vilifikia nyuzi sita. Mbili za chini zikabaki upande wa kushoto, mbali, nikasema tutaziacha. Mzee aliziangalia hizo mbili.

"Awuor," akaita.

Awuor alikuja akasimama mlangoni.

"Vuta kiti. Kaa hapa kushoto kwangu. Hizi mbili ni zako."

"Baba," Awuor alisema taratibu, "mimi ni mwanamke."

"Kwani nimesahau? Nilichokukataza ni nyatiti. Hii haina ngozi wala nyuzi." Akamwashiria kiti. "Na mama yako hawezi kungoja mpaka nipate mtoto wa kiume."

Siku ya rapar nilihudhuria kama mtu wa mitambo. Niliweka padi juu ya meza ndogo uani, nikafunika spika kwa kanga kwa sababu ya jua. Baadhi ya wazee walinong'ona kuhusu taa na kuhusu Awuor, na mmoja aliuliza kwa sauti kama siku hizi marehemu wanaimbiwa na simu. Mzee Odongo alivua kiatu cha kulia, Awuor akamvisha pete ya chuma kidoleni, na chini ya mguu huo wakaweka nyatiti yenyewe, bila kukazwa nyuzi, imelazwa ubavu ili apate pa kugonga. Akagonga mara tatu. Kisha akabonyeza uzi wa tano, ule mwekundu, akaachia, akauitikia.

Sijui niwaambie nini kuhusu wimbo huo. Alimwita mkewe kwa jina la kwao, akamwomba radhi kwa kuchelewa, akamtajia watu waliokuja. Awuor alizibonyeza zile mbili huku machozi yanamwanguka juu ya mpira, nami nikawaza, kama fundi, kwamba maji yataingia ndani, na nikawaza kwamba potelea mbali. Yule mzee wa simu alivua kofia.

Mzee Odongo aliishi mwaka mmoja na kitu baada ya hapo. Alipokufa, Awuor alikuja kuazima padi, akampigia baba yake nyuzi zote nane peke yake. Padi iliporudi nikabandika plasta juu ya kitufe cha nafasi ya tatu, asije mtu akahifadhi kitu kingine juu yake.

Basi mwongozo mlioniomba ni huu. Nafasi ya kwanza ni ya kinanda. Itumieni kwa kwaya, na kitufe cha Rekebisha kibonyezeni kwa waimbaji wa soprano bila huruma. Akija mtu na ala yake, kwanza mwulizeni anataka ifanane na nini. Namba nane za nafasi ya tatu ziko kwenye daftari la kijani ndani ya droo, endapo padi itaharibika au mtu ataingiwa na usafi akafuta kila kitu. Msije mkamnyoosha yule wa tano. Awuor huja akiwa amefuata vitambaa, mara nyingi Jumanne, na huomba nusu saa. Mpeni padi na chai. Kiti atakivuta mwenyewe upande wa kushoto wa meza, ingawa anapiga zote na angekaa vizuri zaidi katikati. Msikisogeze, na pale kulia msiweke kitu.